Dere Hajachoma Klachi Mpaka Mpime

Kuna sentensi moja ya yadi za malori imenichosha kabisa: "Dere amechoma klachi." Inasemwa haraka, kabla hata kebini haijainuliwa. Lori imekataa kuingia gia pale Mtito Andei, imevutwa hadi Nairobi, na kabla fundi alale chini na tochi, bosi ashapiga hesabu ya kukata mshahara wa mtu. Sasa uliza ni lori gani. Unaambiwa ni ile ya gia otomatiki. Yaani lori ambayo haina pedali ya klachi. Mguu wa kushoto wa dere umekaa tu hapo kama abiria.

Maoni yangu ni haya, na najua kuna wenye malori watanuna: kwa lori za aina hii, mtu yeyote anayesema klachi imechomwa na dere bila kuonyesha vipimo anabahatisha. Na akibahatisha kwa mshahara wa mtu mwingine, hiyo ni wizi ya kistaarabu.

Najua wengine wenu mshaanza kujiuliza hii inawahusu nini, nyinyi watu wa simu na matatu. Vitu vingi unavyotumia kila siku vilitoka Mombasa ndani ya kontena. Ngano ya mkate wako nayo mara nyingi hupitia Mombasa. Halafu ukiangalia mtaani kwenu, hutakosa mzee mmoja anayeendesha trela, au kijana wa rika lako aliye taniboi akingoja siku atapewa usukani. Na kuna wale mko vyuo vya ufundi mnasomea magari na mnaambiwa kila siku kwamba kazi hakuna. Hii ni yenu zaidi.

Tuanze na hiyo gia yenyewe, kwa sababu jina "otomatiki" linadanganya watu wengi. Gari ndogo ya otomatiki ya kawaida, ile ya jirani, mara nyingi haina klachi ya pleti kavu kati ya injini na gia. Nguvu inapitia kwa mafuta. Ukisimama kwa mlima na mguu uko kwa mafuta kidogo, hakuna kitu kinasagika hapo katikati. Lori kubwa ni hadithi nyingine. Zile I-Shift za Volvo zilizoingia sokoni 2001, Opticruise za Scania, PowerShift za Mercedes kwa Actros, AS Tronic za ZF zinazopatikana kwa DAF na wengine, ndani yake ni giaboksi kama ya manual. Kuna magurudumu ya meno, kuna shafti, na kuna klachi kavu ya kusuguana, ile ile babu yako aliijua kwa Bedford. Pleti yake kwa lori nyingi za Ulaya ina kipenyo cha milimita 430. Hiyo ni sinia ya pilau ya watu wanne.

Kilichobadilika ni nani anaikanyaga. Mahali pa mguu, kwa nyingi kuna silinda inayosukumwa na upepo, ule ule upepo wa breki. Kuna valvu ndogo za umeme za kuingiza na kutoa huo upepo, kuna sensa inayosema klachi imefika wapi, na kuna kompyuta inayoamua: fungua, badilisha gia, funga polepole. Dere anaomba tu kwa kukanyaga mafuta. Kompyuta ndiyo inayotekeleza.

Kwa hivyo mtu akisema "dere amechoma", swali la kwanza ni rahisi. Kwa mguu gani?

Lakini sitaki kudanganya upande wa pili. Dere anaweza kuua klachi ya otomatiki, tena vizuri sana. Njia kubwa ni kushikilia lori mlimani kwa kukanyaga mafuta kidogo badala ya kushika breki. Kompyuta inaona unataka kwenda, inafunga klachi nusu, uzito unairudisha lori nyuma, injini inaisukuma mbele, na hiyo pleti inasagika katikati ikipika. Ya pili ni foleni ya mizani. Ukikaa Mlolongo au Mariakani ukisogea mita mbili, unasimama, unasogea mita mbili tena, kila mara klachi inanyatia bila kufunga kabisa. Anayejua anaacha nafasi ifunguke mita ishirini hivi, anaenda mara moja, klachi inafunga, inapumzika. Asiyejua, au anayepigiwa honi na wote nyuma yake, ananyatia saa nzima. Ya tatu ni ule ujuaji wa kuweka gia kwa mkono na kuanza na gia ya juu wakati umebeba tani zote 56 zinazoruhusiwa kwa trela ya ekseli saba.

Angalia hiyo orodha tena, ujiulize ni mangapi hapo dere alifundishwa. Alitoka lori ya manual Ijumaa, Jumatatu akapewa funguo za otomatiki na neno moja: "Hii ni rahisi, inajiendesha." Hakuna aliyemwambia kuna breki ya kushikilia mlimani na swichi yake iko wapi. Na lori zenyewe kibao ziliingia hapa zikiwa mitumba kutoka Uingereza, kwa vile nao usukani wao uko kulia. Pleti imefanya kazi kule miaka, ikashuka meli Mombasa, ikapanda kutoka usawa wa bahari mpaka Nairobi iliyo zaidi ya mita 1,600 juu, ikaendelea hadi Timboroa karibu mita 2,700, halafu ikiisha, anayelaumiwa ni dere aliyeajiriwa mwezi jana. Amerithi klachi ya mtu hajawahi kumwona.

Sasa tuje kwa kupima, maana hapo ndipo maneno mengi ya yadi huanguka.

Klachi ina magonjwa mawili makubwa, na watu huyachanganya kila siku. Moja ni kuteleza: klachi imefunga lakini haishiki. Lingine ni kutoachia: klachi imeagizwa ifungue lakini bado inavuta. Dalili zake hazifanani kabisa. Inayoteleza, unakanyaga mafuta, injini inalia, lori haiongezi mwendo. Inayovuta, lori inakataa kuingia gia ukiwa umesimama, au inaingia kwa kishindo cha meno, au mbaya zaidi inasukuma mbele wakati kompyuta inadhani imeachilia. Kwa kuteleza, pleti iliyoisha ni mshukiwa halali. Kwa kutoachia, mshukiwa wa kwanza ni upepo na ile silinda, na pleti inakuja mbali sana huko nyuma kwa foleni. Kwa hivyo ukisikia "ilikataa kuingia gia, dere amechoma klachi", hiyo sentensi imejipinga yenyewe. Pleti iliyoisha kwa kuungua huteleza kwanza.

Kuna na mwizi wa tatu anayejifanya klachi: injini iliyopoteza nguvu. Hozi ya turbo imepasuka, au filta ya dizeli imeziba, lori inapanda mlima wa Salama kama mzee wa miaka tisini, na mtu anapiga kelele klachi. Tofauti unaiona kwa mshale wa mizunguko. Ndani ya gia moja, klachi ikiwa imefunga, injini na magurudumu vimefungwa pamoja kama ndoa ya kanisani. Ukienda kilomita 60 kwa saa na injini iko mizunguko 1,300 kwa dakika, basi ukifika 66 lazima iwe 1,430. Hakuna mjadala hapo, ni hesabu ya darasa la sita. Ikiwa mwendo unashuka na mizunguko inashuka nao, injini ndiyo imechoka. Ikiwa mizunguko inapanda na mwendo umebaki palepale, na kompyuta haijabadilisha gia, hapo klachi inateleza. Dere mwenyewe anaweza kuona hiyo bila mashine yoyote. Taniboi anaweza kuirekodi kwa simu, dashibodi yote, sekunde thelathini, gia inayoonyeshwa, mizunguko na mwendo. Hiyo video ina thamani kuliko maneno ya mafundi kumi wanaoangalia lori ikiwa imezimwa.

Ukiwa na mashine ya kusoma kompyuta, mambo yanakuwa matamu zaidi. Giaboksi ina sensa ya kasi ya shafti inayoingia kutoka kwa klachi. Klachi ikifunga, kasi ya injini na kasi ya hiyo shafti lazima zilingane. Injini ikisoma 1,400 na shafti 1,250, kuna mizunguko 150 inapotelea kwa pleti. Hiyo ni kuteleza kwa nambari, na unaweza kuiprinti. Kwa ugonjwa ule wa kutoachia, unafanya kinyume: simama, weka nyutro, agiza klachi ifunguke, na uangalie kama shafti inasimama. Ikiendelea kuzunguka, kuna kitu bado kinaishika.

Kabla ya laptopu lakini, kuna vitu viwili vya bure ambavyo watu wanavipuuza mpaka inauma.

Cha kwanza ni upepo. Mfumo wa lori hizi kwa kawaida huwa kati ya baa 8 na 12 hivi. Ikishuka sana, klachi haifunguki vizuri na gia haziingii. Kwa hivyo jaza matangi, zima injini, ongeza masikio. Mlio wa "sss" karibu na giaboksi ni jibu nusu. Mwaga matangi uone kama kuna maji au mafuta, maana draya ya upepo isipobadilishwa kwa wakati, maji yanaingia mpaka kwa valvu ndogo za klachi, zinashika kutu na uchafu, zinaanza kuamka zikitaka. Mombasa kuna unyevu kwa hewa, sihitaji kuwaeleza. Na kubadilisha draya ni kazi ya mwenye lori, si ya dere. Dere hana hata bajeti ya kununua balbu.

Cha pili ni umeme. Lori hizi ni volti 24, betri mbili za 12 zimefuatana. Zikipumzika zimejaa, unatarajia kama 25 na kidogo. Injini ikiwaka, kama 28. Betri moja ikiwa imekufa, au waya nene wa hasi unaofunga chesi na giaboksi umeoza, kompyuta inapata umeme wa kubahatisha na inaanza kusema mambo ya ajabu: mara sensa haisomi, mara valvu haijibu, mara klachi imepotea. Fundi anabadilisha sensa, anabadilisha valvu, anabadilisha kompyuta yote, na tatizo ni nati ya spana namba 17 iliyolegea. Hapo ndio utajua multimita ya bei ya chini imeokoa kampuni pesa nyingi kuliko meneja.

Acha niwaambie kisa ambacho jirani yetu mmoja alinieleza. Ni dere wa masafa, mzee mpole, mtu wa kusalimia watoto wote wa ploti. Lori yake ilikuwa inakataa kuingia gia asubuhi ikiwa baridi, pale Mazeras baada ya kulala. Akiiacha inguruma dakika ishirini hivi, inaingia, na siku yote haisumbui tena. Haikuwahi kuteleza hata siku moja, na alikuwa amebeba mzigo kamili. Aliripoti mara tatu. Mara ya nne ikakataa kabisa, ikavutwa. Akaitwa ofisini.

"Mzee, umechoma klachi."

"Mkubwa, hii gari haina pedali ya klachi."

"Kwani nani alikuwa anaiendesha, ni mimi?"

Giaboksi ikashushwa. Pleti mpya, beringi mpya, presha pleti mpya. Mshahara ukaanza kukatwa mwezi huohuo. Wiki mbili baadaye, asubuhi ya baridi, lori ikakataa kuingia gia. Ugonjwa uleule. Ndipo fundi mwingine akaja, akasikiliza wakati klachi imeagizwa ifunguke, akasikia upepo ukitoroka ndani ya ile silinda. Raba ya ndani ilikuwa imekauka. Baridi ikiishika inakuwa ngumu, inavujisha. Ikipata joto inalainika, inaziba. Dalili zote alizokuwa akisema mzee tangu siku ya kwanza zilielekeza hapo hapo.

Kilichoniuma zaidi ni ile pleti ya zamani. Taniboi alikuwa amepiga picha ikiwa imetupwa kwa kona ya yadi, na mzee alinionyesha. Hata mimi ambaye si fundi niliweza kuiona. Ribiti zilikuwa zimezama chini kabisa ya ile nyuso ya kusuguana, maana yake kulikuwa na nyama ya kutosha bado. Pleti iliyoisha, ribiti zinafika juu na kukwaruza chuma. Pleti na flaiwili zilizoungua zinaacha alama: madoa ya bluu kwa chuma, nyufa ndogondogo, na harufu ambayo haisahauliki. Hapo hakukuwa na bluu. Hakuna aliyeishika kalipa apime unene. Waliitoa, wakaitupa, wakaandika barua.

Pesa zake hazikurudi. Aliambiwa hesabu za mwezi zishafungwa.

Sasa sikieni kitu ambacho dere wengi hawajui. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inataja kile mwajiri anaruhusiwa kukata kwa mshahara. Kwa mali iliyoharibika, anaweza kukata kiasi kinachofaa ikiwa uharibifu ulitokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Makusudi. Kuchakaa kwa kifaa si makusudi. Raba kukauka si makusudi. Kutofundishwa pia si makusudi, ni uzembe wa aliyetakiwa kufundisha. Na hata makato yote yakijumlishwa, hayafai kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Kwa hivyo bosi akitaka kukata kwa sababu ya klachi, anatakiwa aweze kuonyesha klachi iliharibika, iliharibika kwa joto la kuendeshwa vibaya, na dere alifanya hivyo akijua. Bila vipimo hawezi kuonyesha hata la kwanza. Dere akienda ofisi ya leba na video, picha na tarehe alizoripoti, mazungumzo yanabadilika.

Wenye malori wataniambia mimi ni kijana wa kamera, sijui hasara ya lori kusimama. Wanasema kontena lina siku zake, mteja anapiga simu, hakuna muda wa kucheza na multimita, toa klachi weka nyingine tuendelee. Naelewa presha hiyo, siichekei. Lakini giaboksi hizo zina uzito wa zaidi ya kilo 200. Kuishusha, kubadilisha na kuirudisha ni kazi ya siku nzima, mara nyingi zaidi. Kusikiliza upepo, kupima betri, kuangalia kama kuna mafuta yanayovuja kutoka kwa sili ya nyuma ya injini na kusoma kasi mbili kwa mashine, hiyo haimalizi asubuhi. Anayeharakisha kushusha giaboksi ndiye anayepoteza siku, na kwa kile kisa cha mzee alizipoteza mara mbili.

Na nikishawasema mabosi, niwaseme na ndugu zangu wa laptopu, maana kuna kundi jipya mtaani linaniudhi karibu kiasi hicho. Anakuja na begi, anachomeka, anaona msimbo wa hitilafu, anaufuta, taa inazima, anachukua pesa anaenda. Taa inarudi Emali. Ama anausoma kama unabii. Msimbo unasema klachi haijafika mahali ilipoagizwa, naye anasema "ni silinda" kwa sauti ya daktari. Huo msimbo unaeleza kilichoshindikana tu. Sababu inaweza kuwa upepo mdogo, valvu chafu, sensa iliyopotoka, beringi iliyokwama, waya uliokatika, au pleti yenyewe. Mashine inakupa mtaa. Nyumba unatafuta mwenyewe kwa miguu.

Halafu wengi wao hawajui, au hawasemi, kwamba klachi mpya ikifungwa, kompyuta lazima ifundishwe upya mahali inapoanza kushika. Ilikuwa imezoea pleti nyembamba, sasa imepewa nene. Usipoifundisha, lori inaruka kama chura ikianza, au inanyatia muda mrefu na kupika pleti mpya. Nani atalaumiwa? Dere, bila shaka. Ndiyo maana naona fundi wa spana na fundi wa laptopu wote wawili wakiwa peke yao ni nusu fundi. Mmoja anasikia upepo lakini anaogopa skrini. Mwingine anapenda skrini lakini hajawahi kulala chini ya lori mafuta yakimdondokea shingoni. Ukikaa chuoni sasa hivi ukijiandaa kwa mtihani wa ufundi wa NITA, hiyo nafasi katikati iko wazi kabisa, na hakuna mtu anaigombania kwa fujo kama wanavyogombania kuwa mainfluensa. Nasema hivyo nikiwa mmoja wao.

Siku moja mzee nilimuuliza kwa nini hakupinga ofisini, na akanijibu kwa utaratibu wake: "Kijana wangu, ningepinga na nini? Wao walikuwa na fundi. Mimi nilikuwa na mdomo." Sasa ana daftari dogo la mfukoni. Anaandika kilomita, tarehe, saa, mahali, mzigo, na lori ilifanya nini: iliteleza au ilikataa kuachia, ikiwa baridi au moto, presha ya upepo ilikuwa ngapi kwa dashibodi. Akiripoti tatizo, anatuma kwa ujumbe wa simu ili ibaki imeandikwa. Amemfundisha taniboi wake pia. Wiki iliyopita walipewa lori nyingine, otomatiki tena, na kabla hawajatoka yadi mzee alimwomba fundi asome kiwango cha kuchakaa kwa klachi kwa mashine, aandike kwa karatasi, aweke sahihi. Fundi alicheka kidogo. Halafu akasoma, akaandika, akatia sahihi, na mzee akaikunja hiyo karatasi akaiweka pamoja na leseni yake.